Anwani Mpya ya Mama

Kambi ya magari, kando ya mto Genhe
12 Julai 2024

Dada,

"Nyinyi wenye magari ya kulala mmewaachia mji wagonjwa na wafu, mkaenda kupiga picha za ng'ombe." Hayo ni maneno yako, mstari wa kwanza wa barua yako, kabla hata ya kuniuliza hali. Nimeyasoma mara tatu. Mara ya tatu niliyasoma kwa sauti, na shemeji yako Pu akacheka mpaka akamwaga chai kwenye suruali.

Sasa nisikilize. Kwanza, hujambo? Miguu imepungua kuvimba? Sisi wazima, ila Pu ana mafua kwa sababu anavua samaki asubuhi na kaptula kama yuko Chongqing. Hajapata hata mmoja. Ananunua sokoni, anarudi nao kwenye ndoo akipiga mluzi.

Pili, si kweli kwamba nimekuachia mtu. Mwezi wa tano nilikuja kwako na tiketi mkononi. Nilikuambia kitanda cha juu ya dereva ni chako, nimekiwekea godoro jipya na pazia la maua ambalo Pu analiita aibu ya barabarani. Ukasema huwezi kumwacha Mama. Dada, Mama amefariki. Kiangazi hiki kinatimiza mwaka wa pili. Tuliubeba mwili wake mimi na wewe, ngazi kwa ngazi, kutoka ghorofa ya nane, kwa kuwa jengo halina lifti na wanaume wa jengo zima walikuwa milimani wanakula upepo.

Wewe una nyumba yako yenye lifti na viyoyozi viwili. Umeifunga, umehamia kwenye nyumba ya Mama, na Mama Geng wa ghorofa ya tatu ananiambia huwashi kiyoyozi. Digrii arobaini na moja, Dada! Una miaka sitini na moja, na moyo wako unaujua mwenyewe unavyodunda. Hiyo si heshima kwa marehemu. Huko ni kumfuata.

Huku kaskazini alfajiri tunavaa makoti. Tuko magari thelathini na kitu, wastaafu watupu. Kuna mzee mmoja wa Wuhan, anaitwa Bai, anapuliza saksafoni kila asubuhi, wimbo uleule, na kila asubuhi anakosea palepale. Wanawake wamepanda vitunguu vya majani kwenye maboksi juu ya magari. Ungecheka. Ungegombana nao kuhusu mbolea.

Panda ndege, nitakupokea uwanja wa ndege wa Hailar. Na shika simu! Tangu msiba umeitupa kwenye droo, na mimi nalazimika kukuandikia barua kama karani wa zamani. Barua inachukua siku tano, Dada. Siku tano katika joto hilo ni nyingi.

Mdogo wako,
Suhui


Chongqing, ghorofa ya nane
19 Julai

Mdogo wangu Suhui,

Salamu kwako na kwa Shemeji Pu. Mwambie mafua yanataka tangawizi na suruali ndefu. Mimi sijambo. Miguu imevimba lakini inatembea.

Umeandika vizuri kama kawaida. Ukiwa mwalimu ulikuwa unawashinda wazazi wote kwenye mkutano, hata wale wenye haki. Sibishani nawe. Nakueleza tu habari za nyumbani.

Jengo ni tupu. Tumebaki watu watano: mimi, Mama Geng, Mzee Ou wa ghorofa ya sita na mkewe asiyeinuka kitandani, na Mama. Usitupe barua. Soma mpaka mwisho.

Anakuja saa nane mchana, jua likiwa limepiga ukuta wa jikoni mpaka huwezi kuugusa. Si usiku kama kwenye hadithi za watu. Usiku simwoni. Mchana nikitoka kuoga nakuta mkeka wa mianzi umelowa, umbo la mtu aliyelala ubavu, magoti yamekunjwa. Unajua alivyokuwa analala. Feni imegeuziwa ukutani. Maharage ya kijani niliyoyaacha kwenye ganda yamemenywa, yapo kwenye bakuli, na maganda yamefungwa kwenye gazeti kwa lile fundo lake.

Kiyoyozi siwashi kwa sababu Mama hakitaki. Ule upepo uliingia kwenye mifupa yake tangu zamani, wewe mwenyewe unakumbuka tulivyokuwa tunagombania rimoti. Siku moja niliwasha. Hakuja siku tatu. Nilikaa kwenye baridi nikilia kama mtoto.

Hanilaumu. Ananiuliza jambo moja tu, kila siku: "Suhui ameshafika?" Namjibu bado, Mama, barabara ni ndefu. Anaendelea na maharage.

Sasa nina ombi. Siku ya kumi na mbili ya mwezi wa saba wa kalenda yetu ya zamani, siku ya kuwachomea wafu pesa zao, inakaribia. Mwaka huu, kwa kalenda yako ya ukutani, ni tarehe kumi na tano Agosti. Mikono yangu inatetemeka, siwezi kuandika bahasha za kuchoma. Wewe ndiye mwenye mwandiko. Niandikie bahasha kumi na mbili za Mama, unitumie, nitie pesa za karatasi za wafu ndani nizichome. Upande wa kulia jina lake kamili. Kushoto majina yetu na mahali tunapoishi, usisahau jengo, ghorofa na mlango. Unajua marehemu huja kupokea pale anwani ilipoandikwa. Mwaka ule shangazi alipokosea namba ya nyumba, Babu alikwenda kwa majirani, wakauguliwa na mbwa.

Usiwe na hasira. Hasira inaleta joto.

Dada yako,
Yunxiu


Kambi ya magari, nafasi ya 14
26 Julai

Dada yangu,

Natumaini barua hii inakukuta umekunywa maji. Kanywe kwanza, nakusubiri.

Umekunywa? Haya.

Nimefundisha miaka thelathini na moja, nimesoma vitabu vingi kuliko viungo vilivyomo jikoni mwako, na sitakubali kushindwa na bakuli la maharage. Mkeka unalowa kwa sababu wewe ndiye unayelalia ubavu na kutoka jasho, kisha unakwenda kuoga. Maharage unamenya wewe. Fundo ni la Mama kwa sababu Mama ndiye aliyetufundisha sote kufunga, hata mimi nafunga vivyo hivyo. Joto kali likimzidi mtu, akili inaanza kuchelewa. Anafanya jambo, halafu anashangaa nani kalifanya. Daktari yeyote atakuambia. Na swali unalosikia, "Suhui ameshafika?", ni lako wewe. Wewe ndiye unayeniuliza kwa miaka miwili, Dada, ila huna ujasiri wa kuuliza kwa mdomo wako.

Nilimsomea Pu barua yako. Hakucheka. Alitoka kwenda kuvua, akasahau fimbo ya kuvulia.

Lakini bahasha nimekuandikia. Nimekaa kwenye meza ya kukunja tangu asubuhi, wino mweusi, kila herufi imesimama wima. Majirani wakaja kutazama. Bai akasema mwandiko wangu ni wa kuvuliwa kofia. Zimo ndani ya kifurushi hiki, kumi na mbili.

Sasa tazama upande wa kushoto. Majina yetu yapo, lako la kwanza na langu la pili, kama desturi. Anwani nimebadilisha. Sikuandika ghorofa ya nane. Nimeandika hivi: Kambi ya magari, kando ya mto Genhe, Erguna, nafasi ya kumi na nne, gari jeupe lenye pazia la maua.

Umeona? Mimi siamini. Wewe unaamini. Basi kwa sheria zako mwenyewe, si zangu, Mama hana tena shughuli Chongqing. Zichome hizo na atakuja huku, kwenye digrii kumi na saba, hakuna kiyoyozi cha kumwumiza mifupa wala ngazi za kupanda. Nawe hutakuwa na mtu wa kumlinda. Utawasha kiyoyozi, utafunga mlango, utapanda ndege. Nimekushinda, Dada. Kubali tu, kisha upange nguo.

Lete na ile pilipili ya kukaanga. Ya dukani huku ni ya watoto.

Mdogo wako mkaidi,
Suhui


Chongqing
2 Agosti

Mdogo wangu,

Kifurushi kimefika salama, hakikulowa. Sisi hatujambo. Pilipili nimekaanga chupa mbili, Mama Geng atakutumia.

Umenishinda, kama siku zote.

Mama hakujua kusoma, kwa hiyo jana saa nane nilimsomea. Nilisoma kulia, jina lake. Alifurahi, alisema mwandiko wa Suhui unafanya mtu aonekane mkubwa. Kisha nikasoma kushoto. Nilipofika kwenye pazia la maua aliacha kumenya maharage. Nikadhani ameondoka. Halafu akasema, "Kwa hiyo kuna nafasi."

Suhui, mimi najua. Sikukuambia kwa miaka miwili, lakini simu yake ninayo mimi. Siku ile aliyofariki ilikupigia saa nane kasoro dakika kumi. Mliongea dakika moja na sekunde kumi. Na leo amenieleza mwenyewe alichokuuliza. Alikuuliza kama kuna nafasi kwenye gari. Ukamwambia subiri, Mama, wiki ijayo, gari limejaa.

Sikuambii ili ulie. Nakuambia ili tulingane. Baada yako alinipigia mimi. Nilikuwa chini kwenye handaki la wakati wa vita, kule serikali ya mtaa inakotuwekea viti na maji, kuna baridi tamu ya mawe. Nilikuwa nacheza karata na wanawake wa soko la mboga. Simu ikalia. Niliona jina lake. Nilikuwa na karata nzuri. Nikasema nimalize mchezo huu kwanza. Niliumaliza, nikashinda, nikapanda ngazi za ghorofa nane na tikiti maji mkononi, nikamkuta ameshakata roho. Basi. Ndiyo maana simu sishiki. Kila ikilia, ni ile.

Miaka miwili amekaa hapa akisubiri kuitwa. Mimi sikuweza kumwita, hakuwa akiningoja mimi. Sasa umemwita kwa maandishi. Amefurahi kama bibi harusi. Amevaa blauzi ya kijivu.

Ila amenishika mkono. Mkono wake una joto, Suhui, kama ukuta wa jikoni. Anasema hajui njia. Hajawahi kuvuka mkoa, na hawezi kusoma vibao. Anasema nimsindikize.

Nimekubali. Wewe usisumbuke na tiketi wala uwanja wa ndege. Tutakuja kwa njia yake. Tarehe kumi na tano nikishachoma bahasha, tutaondoka.

Msalimie Shemeji. Mwambie tunapenda supu ya samaki, wa sokoni hamna shida.

Dada yako,
Yunxiu


Kambi ya magari, nafasi ya 14
8 Agosti

Dada, Dada yangu mzaliwa wa tumbo moja nami,

Sikuulizi hali. Naiogopa hali yako. Barua yako imefika leo asubuhi, na hii naiandikia juu ya boneti, mtu wa vifurushi amesimama hapa anangoja na injini inaunguruma. Nimemlipa iende kwa ndege.

Usichome zile bahasha. Zichane. Zitie maji. Ilikuwa hoja tu, Dada! Nilitaka kushinda, maana hujawahi kunisikiliza ila nikikushinda. Nilichukua imani yako nikaigeuza fimbo ya kukuchapia. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, kwa walimu wenzangu, kwa Pu, na kwa Mama pia. Safari hii nimekosea, na nasema nimekosea. Hujawahi kunisikia nikisema hivyo. Basi sikia.

Alinipigia, ndiyo. Gari halikuwa limejaa. Kwenye kitanda cha juu kulikuwa na meza ya kukunja, viti vinne na maboksi ya pombe ya wenzetu. Ningeshusha kila kitu kwa dakika tano. Lakini alikuwa akija na sufuria zake, malalamiko yake, na kunifokea mbele ya watu jinsi ninavyokata nyama. Nilitaka kiangazi kimoja cha kuwa mtu mzima. Nilikuwa na miaka hamsini na nne. Kiangazi hicho nilikipata.

Hakunisamehe, wala mtu haambiwi na maiti kuwa amesamehewa. Kama ni kweli anakaa hapo, mwambie mimi nitakuja kumpokea mwenyewe. Asikuchukue wewe. Wewe ulichelewa kwa mchezo mmoja wa karata. Mimi nilisema hapana.

Washa kiyoyozi. Mwache asije siku tatu. Mwache asije mwezi mzima. Shuka handakini ukakae na wanawake wa soko la mboga. Toa simu kwenye droo. Nakupigia kila siku saa nane kamili, inaita mpaka inakatika. Nafasi za ndege zimejaa watalii mpaka tarehe kumi na tano jioni. Nimekata ya tarehe hiyo.

Nijibu. Neno moja. Niandikie "bado nipo", hata kama ni kwa mwandiko wa kutetemeka.

Mdogo wako,
Suhui


Ujumbe kwa kundi la wakazi wa jengo letu
15 Agosti, saa tisa kasoro dakika ishirini mchana

Mimi ni Suhui, binti mdogo wa marehemu Bibi Tan wa ghorofa ya nane.

Dada yangu Yunxiu hajajibu barua yangu. Mtu wa vifurushi anasema aliiacha mlangoni tarehe kumi na moja. Mama Geng aliiona juzi alipopanda kumrudishia chupa tupu, ipo palepale juu ya zulia la mlango. Akagonga, akasikia feni inazunguka, akadhani Dada amelala, akashuka. Simlaumu. Mimi niko umbali wa siku sita kwa gari, nani nimlaumu?

Kuna jambo jingine. Nalisema, mtanicheka, nichekeni tu. Leo saa nane kamili nilikuwa ndani ya gari nafunga begi. Nje ni digrii kumi na sita na mvua nyembamba, watu wamevaa makoti. Ndani ya gari joto likaanza kupanda. Hakuna jiko lililowashwa. Kipimajoto cha ukutani kilifika thelathini, thelathini na tano, kikasimama arobaini na moja. Mume wangu alitoka shati limemganda mgongoni. Mzee Bai, jirani yetu ambaye haamini chochote isipokuwa saksafoni yake, aliingiza mkono mlangoni akauondoa kama aliyegusa sufuria. Kwenye ngazi ya gari tumeona maji ya nyayo za watu wawili, na za mmoja zimevimba.

Sitaki mniamini. Mimi mwenyewe miaka yote nimewabeza watu wanaosema mambo kama haya. Liacheni gari langu. Aminini bahasha iliyolala mlangoni siku nne, katika jengo ambalo mtu akikohoa ghorofa ya pili anasikika ya tano.

Mnaonijibu hapa "niko Lichuan, upepo safi sana", "jaribu mwingine, mimi niko mlimani mpaka Septemba", na wewe uliyetuma kikatuni cha paka anayeomba: nyamazeni. Mnanizibia kundi. Nawajua, kwa sababu mimi ni mmoja wenu. Tulistaafu, tukasema tumewatumikia watu vya kutosha, tukanunua magari na vyumba milimani. Kila Julai tunaondoka kwa msafara, tukipiga honi, na wanaobaki kwenye ngazi ni wale ambao hakuna aliyewashushia meza kitandani. Mkitaka kunijibu, nijibuni nikifika. Ndege yangu inaondoka jioni.

Polisi nimewapigia. Wamesema wanakuja, wana simu nyingi leo kwa sababu ya joto. Ofisi ya mtaa imesema itatuma mtu. Lakini wao wako mbali, na nyinyi wawili mko ngazi chache tu.

Mzee Ou, najua huwezi kumwacha mkeo kwa muda mrefu. Ni ghorofa mbili. Chukua ule mtaimbo wako wa kutengenezea mabomba. Mama Geng, beba maji na taulo, na usipande peke yako, mpitie Mzee Ou. Mkifika, msigonge kwa adabu. Gongeni kwa ngumi, mwiteni kwa jina lake kamili, la ukoo wa Baba, Lan Yunxiu, mara mbili. Msingoje ya tatu. Msiogope gharama ya mlango, msiogope kumwamsha, msiogope mtakachokiona.

Acheni kusoma sasa. Pandeni. Vunjeni mlango.